Uvimbe wa tezi ya pituitari: vidonge, kisu au mionzi? Na je, Dar, Nairobi au India?

Mgonjwa akitoka chumba cha MRI na majibu yanayosema "uvimbe kwenye tezi ya pituitari", swali la kwanza la ndugu huwa moja: tumpeleke wapi? Kabla ya magharibi kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameshapatikana, na kuna mjomba anayemjua mtu aliyetibiwa Chennai akapona. Moyo huo ni mzuri, ila wameanza na swali la pili wakaruka la kwanza. Uvimbe huu una aina kadhaa, na ile inayoongoza kati ya zinazomwaga homoni hutibiwa kwa vidonge. Hakuna kisu wala ndege. Nimeona familia ikiuza kiwanja kwa ajili ya safari ambayo kipimo cha damu cha prolaktini, homoni ya maziwa, kingeifuta, kwa hiyo nitalinganisha kwanza matibabu, kisha mahali.

Kwanza ujue una uvimbe gani

Pituitari ni tezi ndogo kama punje ya njegere, imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Juu yake mishipa ya macho yote mawili inapishana. Kulia na kushoto inapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ujirani huo ndio unaofanya kitu cha sentimita mbili kiwe na makali: kikipanda juu kinabana macho, kikienda pembeni kinakumbatia mishipa ya damu na daktari hawezi kukitoa chote.

Karibu wote si saratani. Hausambai mwilini. Ukiwa chini ya milimita 10 unaitwa mdogo, kuanzia hapo mkubwa, na ukipita milimita 40 ni jitu. Kuna jambo ambalo watu hawaambiwi mapema: ukiwapiga MRI watu wazima kumi wasioumwa chochote, huenda mmoja akakutwa na kidoa kwenye tezi hii. Kwa hiyo kidoa cha milimita 4 kilichoonekana kwa sababu ulikwenda na kipandauso, mara nyingi hakina hatia yoyote.

Uvimbe huumiza kwa njia tatu. Unaweza kumwaga homoni kupita kiasi, unaweza kubana majirani, au unaweza kuibana tezi yenyewe mpaka ikashindwa kazi. Mwanamke anatoka maziwa hanyonyeshi, siku zake zimekatika, ameshazunguka kwa waganga wa uzazi miaka miwili. Mwanamume anatumia pesa kwenye dawa za nguvu za kiume za mitaani na hakuna aliyewahi kumpima prolaktini. Mwingine viatu vimeanza kumbana ukubwani, pete haivuki kifundo cha kidole, taya limesogea mbele. Dereva wa bodaboda anaanza kugonga vioo vya magari kwa sababu pembe za nje za macho yote mawili zimepotea, na yeye mwenyewe hajui kwamba zimepotea.

Vipimo vya damu ndivyo vinavyotenganisha aina: prolaktini, IGF-1 (inayofichua homoni ya ukuaji), kotisoli (homoni ya msongo) ya asubuhi, homoni za dundumio, yaani tezi ya shingoni (TSH pamoja na T4 huru), na homoni za uzazi. Prolaktini ndiyo yenye mitego. Ikipita nanogramu 200 kwa mililita na uvimbe ni mkubwa, jibu karibu limepatikana: ni prolaktinoma, aina ya vidonge. Ikiwa uvimbe ni mkubwa lakini prolaktini ni 60 au 90, huenda uvimbe hautoi prolaktini kabisa, umebana tu kikonyo cha tezi, na vidonge havitaupunguza. Halafu kuna mtego wa kinyume: uvimbe jitu unaweza kutoa prolaktini nyingi hadi mashine ikachanganyikiwa na kutoa namba ndogo. Dawa yake ni kuiambia maabara irudie sampuli ikiwa imechanganywa na maji ya maabara. Hilo linaweza kufanyika Dar au Nairobi, na linaweza kumwepusha mtu na upasuaji asiouhitaji.

Angalia pia kizio. Maabara moja inaandika ng/mL, nyingine mIU/L, na moja ya kwanza ni kama 21 za pili. Watu wamelia kwa kudhani namba imepanda mara ishirini, kumbe wamebadilisha maabara.

Mambo mengine yanayopandisha prolaktini bila uvimbe: ujauzito, dundumio kuwa dhaifu, Plasil ya kichefuchefu, na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Mweleze daktari kila unachomeza. Mweleze na unachopaka. Uso uliojaa, tumbo lenye michirizi ya zambarau, presha na sukari kupanda vinaweza kuwa kazi ya uvimbe wa pituitari unaochochea kotisoli, lakini hapa kwetu chanzo cha kawaida zaidi ni krimu za kujichubua zenye steroidi na vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa siri. Mtu akificha krimu, atapigwa MRI, atakutwa na kile kidoa kisicho na hatia, na safari ya bure itaanza hapo.

Vidonge au kisu

Kwa prolaktinoma, vidonge ndivyo kawaida ya kuanzia, hata uvimbe ukiwa mkubwa na macho yameguswa. Hili huwashtua ndugu. Wanaona picha ya kitu cha sentimita tatu kichwani na daktari anaandika kidonge cha mara mbili kwa wiki. Lakini uvimbe huu husinyaa kwa dawa, na kuona kunaweza kuanza kurudi ndani ya siku au wiki.

Dawa ni mbili. Kabergolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki, inavumilika zaidi na ina nguvu zaidi. Bromokriptini humezwa kila siku, kwa kawaida ni rahisi kuipata na bei yake ni nafuu, ila inaleta kichefuchefu na kizunguzungu, hivyo huanzwa kwa nusu kidonge usiku pamoja na chakula. Pesa ikiruhusu, ningechagua kabergolini bila kusita. Pesa isiporuhusu, bromokriptini inayomezwa kila siku inaishinda kabergolini inayokatika kila mwisho wa mwezi. Kwa mwanamke anayetafuta mtoto zote zinazungumzika, na mara nyingi dawa husimamishwa mimba ikishika, kwa maelekezo ya daktari.

Madhara mawili yanastahili kutajwa kwa sauti. La kwanza: dawa hizi zinaweza kumwamsha mtu tamaa asizoweza kuzizuia, za kununua, za ngono, za kamari. Kijana aliyeanza vidonge mwezi wa tatu na sasa anaweka mkeka wa mpira kila siku mpaka ada ya mtoto imeliwa, huenda tatizo si tabia. Mke au ndugu awe na habari hii tangu mwanzo. La pili: uvimbe mkubwa uliokuwa umetoboa mfupa ukisinyaa haraka, maji ya ubongo yanaweza kuanza kudondoka puani, meupe, yenye chumvi. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Vidonge humezwa miaka miwili au zaidi kabla ya kujaribu kuacha, na wengi wanaoacha hurudi. Ndiyo maana hoja ya kisu haijafa. Wataalamu wa kimataifa katika mwongozo wao wa 2023 wamekubali kwamba kwa prolaktinoma ndogo isiyokumbatia mishipa ya pembeni, upasuaji wa mikono yenye uzoefu uwekwe mezani tangu mwanzo kama chaguo la kweli. Kwa mtu wa kijijini ambaye kupata dawa kila mwezi ni safari ya basi, hoja hiyo ina uzito wake. Neno linalobeba kila kitu hapo ni "yenye uzoefu".

Kwa aina nyingine mizani inageuka. Uvimbe wa homoni ya ukuaji, ule unaokuza mikono na taya, na ule unaochochea kotisoli, huanza kwa upasuaji. Dawa zipo, kama sindano za oktreotaidi za kila mwezi kwa ule wa kwanza, lakini bei yake hailipiki na familia ya kawaida, na mara nyingi hata ukiwa na pesa duka halina. Kwa hiyo hapa upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko zote, na kukosea kuchagua daktari kunagharimu zaidi kuliko kwenye prolaktinoma.

Uvimbe usiotoa homoni yoyote hauna kidonge cha kutegemea. Ukibana macho, unatolewa. Usipobana, unatazamwa: MRI nyingine baada ya miezi sita hadi kumi na mbili, kipimo cha upeo wa macho, damu. Kutazama ni matibabu halali, ingawa ndugu huona kama daktari amekata tamaa.

Kupitia puani: hadubini au kamera

Upasuaji wa sasa hupita puani. Si mpya. Hermann Schloffer aliufanya Innsbruck mwaka 1907, Harvey Cushing akautumia kwa wagonjwa wengi kisha akauacha, na Jules Hardy wa Montreal akaurudisha kwa nguvu miaka ya 1960 akitumia hadubini. Kamera nyembamba ya endoskopu ilienea kuanzia miaka ya 1990. Kufungua fuvu kumebaki kwa uvimbe wenye umbo au mwelekeo ambao pua haiufikii.

Hospitali hupenda kutangaza kamera. Ina faida ya kweli: inaona kwenye kona, na kwa uvimbe mkubwa unaopanda juu ningependa iwepo. Lakini daktari aliyezoea hadubini miaka ishirini ni bora kuliko aliyeletewa kamera mwaka jana. Uchunguzi wa kitaifa wa madaktari wa Marekani uliochapishwa 1997 ulionyesha wazi kwamba waliokwisha kufanya zaidi ya upasuaji 500 wa aina hii walikuwa na madhara machache kuliko waliofanya kidogo. Hutampata kila mahali mwenye 500. Lakini swali la "umefanya ngapi, na mwaka jana ngapi?" lina jibu, na daktari mzuri halichukii.

Madhara yenyewe: maji ya ubongo kuvuja, homa ya uti wa mgongo, kukojoa ndoo nzima kwa siku kwa sababu homoni ya kubana mkojo imekatika, tezi kushindwa kazi ya kudumu, na kwa nadra sana kujeruhiwa kwa mshipa mkubwa wa damu. Kifo katika vituo vyenye uzoefu kiko chini ya asilimia moja.

Mionzi

Mionzi ni ya mstari wa nyuma: uvimbe uliobaki baada ya upasuaji, au uliorudi, au usiofikika. Hutolewa kwa namna mbili. Ya dozi moja kubwa yenye shabaha kali, kama Gamma Knife iliyobuniwa na Lars Leksell wa Stockholm, inafaa mabaki madogo yaliyo mbali kidogo na mishipa ya macho, milimita tatu hivi au zaidi. Ya kidogokidogo, vipindi 25 hadi 30 kwa wiki tano au sita, inafaa pale mabaki ni makubwa au yamegusa mishipa ya macho. CyberKnife inakaa katikati, kwani inaweza kugawa dozi katika siku chache, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya inayo. Ya vipindi vingi inapatikana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na kwenye vituo vya saratani vya Nairobi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mionzi haifanyi kazi wiki ijayo. Homoni hushuka kwa miaka. Tezi nzima nayo hunyauka kwa miaka, kwa hiyo aliyepigwa mionzi leo anahitaji vipimo vya damu kila mwaka maisha yake yote, hata kama anajisikia mzima. Ukikuta mahali wanakupa mionzi kabla hujapimwa prolaktini, ondoka.

Sasa mahali

Nitaweka jedwali fupi, kisha nieleze pale ambapo jedwali linadanganya.

| | Hospitali ya rufaa ya umma | Binafsi, Dar au Nairobi | India |
|---|---|---|---|
| Kusubiri | Ndefu, foleni ya chumba cha upasuaji na ICU (wodi ya mahututi) | Fupi | Fupi ukishapata viza |
| Wagonjwa wa aina hii | Wengi, maana rufaa zote huishia hapo | Hutofautiana sana. Mara nyingi daktari ni yuleyule wa umma | Wengi sana kwenye vituo vikubwa |
| Vipimo vya homoni | Vya msingi vipo, kitendanishi (dawa ya kupimia) huisha | Vipo, kwa bei | Vyote, hata vya nadra |
| Malipo | Bima na ustawi wa jamii vinasaidia | Bima binafsi au mfukoni | Mfukoni, pamoja na nauli, malazi na msindikizaji |
| Baada ya upasuaji | Daktari wako yuko karibu | Yuko karibu | Yuko ng'ambo ya bahari |

Tanzania, jina la kwanza ni MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, ambako uvimbe huu hutolewa kupitia puani. Kenya ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na upande wa binafsi Aga Khan na Nairobi Hospital. Unguja, Mnazi Mmoja kuna kituo cha upasuaji wa ubongo kilichoanzishwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania, na kwa Mzanzibari ni mlango mzuri wa kuanzia hata kama ataishia kuvuka maji.

Watu hudharau hospitali ya umma kwa sababu ya foleni na choo. Foleni ni kweli. Lakini kwa ugonjwa huu, wingi wa wagonjwa ndio unaomkomaza daktari, na wagonjwa wako pale. Nimeona mtu akilipa mara tano upande wa binafsi ili afanyiwe na daktari yuleyule ambaye Jumanne angemfanyia upande wa umma. Alichonunua ni muda na chumba. Kama macho yanazidi kufifia wiki hadi wiki, muda huo una thamani na ningelipa. Kama uvimbe umetulia, nisingelipa.

Sehemu inayolegea nyumbani mara nyingi ni timu kuliko mikono ya daktari wa upasuaji. Uvimbe huu unahitaji watu wanne wanaozungumza: wa upasuaji wa ubongo, bingwa wa homoni, wa macho, na msomaji wa picha aliyezoea eneo hilo. Mabingwa wa homoni ni wachache Afrika Mashariki na wengi wamebanwa na kisukari. Kuna hospitali ambako mgonjwa hupasuliwa vizuri kabisa, akaruhusiwa, na hakuna aliyepima kotisoli yake. Ukipata hospitali ndogo yenye jina dogo lakini daktari wa upasuaji na wa homoni wanapigiana simu, ichague hiyo.

India inastahili sifa yake. AIIMS ya New Delhi, PGIMER ya Chandigarh, NIMHANS ya Bengaluru na CMC ya Vellore ni majina ya uhakika kwenye upasuaji wa ubongo. Tatizo ni kwamba wakala wa safari za matibabu hatakupeleka huko, kwa sababu hospitali za umma na za misheni hazimlipi kamisheni. Atakupeleka hospitali ya kampuni, ambayo inaweza kuwa nzuri sana au ya kawaida, na barua pepe yenye bei ya jumla utaipata ndani ya siku moja. Bei hiyo isome kwa kalamu mkononi. Je, ina ICU? MRI ya baada ya upasuaji? Dawa za homoni? Ikivuja maji na kuhitajika upasuaji wa pili, nani analipa? Na jina la daktari liandikwe, lisiwe "timu yetu ya wataalamu".

Kuna hali ambazo safari ina sababu ya kweli. Ya kwanza ni uvimbe wa kotisoli usioonekana kwenye MRI, maana unaweza kuwa wa milimita chache tu. Hapo huhitajika kipimo cha kupitisha mirija kwenye mishipa ya kinena hadi kwenye mishipa midogo inayotoka kwenye tezi, na vituo vinavyokifanya kwa ustadi ni vichache. Ya pili ni upasuaji wa marudio, au uvimbe jitu. Ya tatu ni kuhitaji Gamma Knife. Nje ya hizo, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kupanda ndege.

Hesabu ya siku ina mtego wake. Chumvi ya damu (sodiamu) hupenda kushuka kati ya siku ya tano na ya kumi baada ya upasuaji: mgonjwa anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege. Hizo ndizo siku ambazo familia inafunga mabegi ili kuokoa pesa ya nyumba ya wageni. Pia hewa inaweza kubaki ndani ya fuvu, na shinikizo la ndege halipatani nayo, kwa hiyo tarehe ya kuruka aiseme daktari. Panga wiki tatu hadi nne tangu mwanzo, na sodiamu ipimwe kabla ya kuruka.

Wasomaji walio Muscat wana Hospitali ya Khoula, kituo cha taifa cha upasuaji wa ubongo cha Oman. Walio Uingereza watapelekwa na daktari wao wa mtaa kwenye kituo cha kanda chenye timu kamili, na hawana sababu ya kuchagua sana. Ndugu walio Ulaya wasimshawishi mgonjwa wa Tanga asubiri viza ya miezi huku macho yanakwisha.

Bima na michango

Tangu Oktoba 2024 Kenya imehama kutoka mfuko wa bima ya afya wa NHIF kwenda mamlaka mpya, SHA. Tanzania bado NHIF ndiyo jina, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Popote ulipo, omba idhini ya maandishi kwa vitu vitatu tofauti: upasuaji, MRI, na dawa za baadaye. Bima nyingi hukubali cha kwanza kwa urahisi na kubishana kuhusu cha tatu, na cha tatu ndicho cha maisha.

Kwa kamati ya michango nina ombi moja. Msichange kwa tukio. Wekeni theluthi ya pesa pembeni kwa mwaka wa kwanza baada ya upasuaji: vipimo vya homoni vya wiki ya sita, MRI ya mwezi wa tatu, dawa, nauli za kliniki. Kundi la WhatsApp huvunjwa mgonjwa akitua, na hapo ndipo gharama ya polepole huanza.

Dawa za kurudisha homoni

Tezi ikishindwa, homoni hurudishwa kwa dawa, na hakuna yenye haraka kama kotisoli. Haidrokotisoni ya vidonge ni ngumu kupatikana kwetu, kwa hiyo madaktari wengi hutumia prednisoloni kwa dozi ndogo, na inafanya kazi. Kotisoli huanzwa kabla ya dawa ya dundumio, kwani kinyume chake kinaweza kumwangusha mgonjwa. Ukipata homa au malaria, dozi huongezwa mara mbili au zaidi kama daktari alivyokuelekeza. Ukitapika na dawa haikai tumboni, nenda kituo chochote kilicho karibu upate sindano ya haidrokotisoni miligramu 100. Iandike kwenye kadi ya kukaa na kitambulisho, kwa Kiswahili na Kiingereza, maana muuguzi wa zamu usiku hana sababu ya kukuamini kwa maneno. Anayefunga Ramadhani azungumze na daktari mwezi mmoja kabla, hasa kama anatumia pia dawa ya kubana mkojo.

Ningeamua hivi

Mwanamke wa miaka 29, maziwa yanatoka, uvimbe milimita 7, prolaktini 140, hana mimba wala dawa nyingine: abaki mjini kwake, apate bingwa wa homoni hata kwa kumfuata mara mbili kwa mwaka Nairobi au Dar, aanze kabergolini. India haina cha kumwongezea.

Mwanamume wa miaka 52, uvimbe sentimita 2.5 usiotoa homoni, pembe za macho zinapungua: kipimo cha upeo wa macho wiki hii, kwenye hospitali yenye huduma ya macho kama CCBRT ya Dar au Kikuyu ya Kenya, kisha upasuaji wa puani nyumbani. Kama foleni ya umma inazidi wiki kadhaa na macho yanaendelea kushuka, alipe binafsi kwa daktari yuleyule.

Mwenye mikono na taya vilivyokua, uvimbe sentimita 1.5 ulioanza kuingia pembeni: hapa ningetuma picha kwa madaktari wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kituo kikubwa cha India, na kuuliza swali moja kwa wote: unatarajia kuutoa wote, au utabaki? Wote wakisema utabaki, mpango wa mionzi na sindano uzungumzwe kabla ya kisu, na mahali pachaguliwe kwa kuangalia ni wapi hatua zote tatu zinawezekana.

Aliyelala salama akaamka na maumivu makali ya kichwa yasiyo na mfano, anatapika, jicho moja limefunga au haoni: huenda uvimbe umevuja damu ndani. Hapo tupa ulinganisho wote huu. Hospitali ya wilaya iliyo karibu, haidrokotisoni ya mshipa, sodiamu ipimwe, na gari la rufaa liitwe wakati dripu inaendelea.